Mwaka wa Kungoja Kigiriki

Habari za kifo cha Mwalimu Barasa zilitufikia kwa simu, katika lile kundi la wanafunzi wa zamani ambalo siku nyingine zote huwa la kutumiana picha za maua na aya za asubuhi. Alifia kwao Bungoma, kitandani mwake, mzee aliyeshiba siku, na binti yake akaandika kwamba hata wiki ya mwisho alikuwa akiwasahihisha wauguzi Kiingereza chao. Nilicheka, kisha nikakasirika, kisha nikalia, na hivyo ndivyo nilivyokuwa na yule mzee tangu siku ya kwanza. Sisi tuliobaki Juba tukapatana kukutana kanisani Jumamosi kwa maombi. Majok akaandika kwamba atapanda kutoka Bor pamoja na mkewe, na kwamba baada ya maombi watakula kwangu. Hakuuliza kama nina nafasi wala kama nina unga. Aliarifu tu, nami nikaenda kununua samaki.

Habari za kuzaliwa kwangu nazipita, maana hazina kazi hapa. Inatosha kusema kwamba mimi ni Mkuku, wa kabila la wakulima wa kusini mwa Juba, niliyelelewa na kusomeshwa Kitale, Kenya, na nilirudi Juba miaka michache baada ya bendera yetu kupandishwa, nikiwa na cheti cha sekondari chenye A ya Kiingereza na kiburi cha kuwatosha watu wa nyumba nzima. Kamati ya kanisa letu ilikuwa ikirekebisha tafsiri ya zamani ya Injili katika lugha yetu, na ilimhitaji mtu anayeweza kufungua Kigiriki chenyewe badala ya kuchungulia kupitia Kiingereza. Nilikitaka kiti hicho kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Basi nikajiandikisha katika chuo cha Biblia ili nijifunze Kigiriki cha kale, na kwa mwaka mzima nikafundishwa Kiingereza. Hata leo nikiyaandika haya mkono unataka kugonga meza.

Darasa letu lilikuwa stoo ya mbegu kabla ya kuwa darasa. Harufu ya mtama ilikuwa haijatoka ukutani, madirisha yalikuwa na wavu badala ya vioo, na ikifika mchana mabati yalianza kulia kwa joto. Mbele kabisa, juu ya kabati la chuma, palikuwa na chati iliyokunjwa na kufungwa kwa uzi wa nailoni. Mwalimu Barasa aliinyoshea kidole siku ya kwanza, akasema hizo ndizo herufi za Kigiriki, kisha akatupa mgongo na kuandika ubaoni sentensi ya Kiingereza. Ilihusu mjane aliyempa askari mbuzi ambaye mwanawe alikuwa amemnunua sokoni. Akatuuliza nani ametenda, nani ametendewa, na yule mbuzi ana kazi gani humo ndani. Mimi nikanyosha mkono na kusema sentensi iko sawa, haina kosa. Akasema hakuuliza kama ina kosa. Nikasema basi sielewi anauliza nini, naye akasema hilo ndilo jibu la kweli la kwanza kulisikia asubuhi hiyo. Darasa likacheka, nami nikaketi huku masikio yanawaka. Ndipo kijana mrefu aliyekaa nyuma, shati lake limepigwa pasi mpaka mikono inasimama, akasema kwa utaratibu, kwa Kiswahili cha sokoni: "Mwalimu, hapa askari hapana kupewa mbuzi. Nachukua." Kicheko kikahama kutoka kwangu. Huyo ndiye alikuwa Majok.

Nilimfuata mwalimu ofisini siku ile ile nikamwambia kwamba Kiingereza ninakijua, nimekisoma tangu chekechea, na kwamba nimekuja kwa ajili ya Kigiriki. Ofisi yake ilikuwa na feni isiyozunguka, birika la chai na biskuti zilizofungiwa mkebeni kwa hofu ya sisimizi. Alinimiminia chai kwanza. "Binti yangu," akasema, "kitabu cha Kigiriki nilicho nacho kimeandikwa na Mwingereza kwa ajili ya Waingereza. Kila ukurasa anakwambia, hili ni sawa na lile unalolijua tayari. Sasa wewe ambaye hulijui lile unalolijua, utafanyaje?" Nikamwambia ninakizungumza vizuri kuliko wengi. Akakubali. Akasema kuzungumza ni kutembea, na yeye anataka nimwambie mguu una mifupa gani, kwa sababu Kigiriki kitanivunja mguu. Kisha akaongeza ile methali aliyoipenda, kwamba asiyejua maana haambiwi maana, akanisukumia biskuti. Niliila kwa hasira, na ilikuwa imelainika kwa unyevu.

Sasa nimekuwa mtu mzima, nimekaa kwenye kile kiti cha kamati mpaka mto wake umebonyea, na nalazimika kukiri kwamba mzee alisema kweli. Lakini ukweli wake haukupunguza uchungu wa mwaka ule. Miezi ilipita hatujaona hata herufi moja. Tulikuwa na kitabu kimoja cha sarufi, kilichotolewa nakala mara nyingi sana hata maneno ya pembeni yalikuwa yameliwa na mashine, na kila Jumatatu mmoja wetu alitumwa soko la Custom kutoa nakala nyingine zilizofifia zaidi. Jenereta ya duka la nakala ikizimika, wiki hiyo haikuwa na somo jipya, na mwalimu alirudi kwa mjane wake bila hata kuona haya. Nilimchukia yule mjane. Nilikuwa nikipata aya katika Biblia ya Kiingereza ambayo najua wazi kwamba lugha yetu ingeisema vizuri zaidi, na nadhani Kigiriki nacho kilikuwa kimeisema vizuri zaidi, lakini lugha hizo mbili zilikatazwa kuonana mpaka Kiingereza kitoe ruhusa. Nilikuwa mtu aliyezuiwa kumsalimia jirani yake mpaka azunguke kwanza nyumba ya mzungu. Na chati ilikaa juu ya kabati ikikusanya vumbi, na kila nilipoitazama Mwalimu Barasa alisema, "Kesho si leo, Kiden."

Sharti lilikuwa moja. Mwisho wa mwaka kungekuwa na mtihani wa sarufi ya Kiingereza. Atakayefaulu anaingia darasa la Kigiriki, na atakayeanguka anahamia kozi ya kawaida ya wahudumu wa kanisa. Kwangu kuanguka kulimaanisha kusahau kamati. Kwa Majok ilikuwa mbaya zaidi. Alfajiri na alasiri zake zilikuwa za bandarini, kwa mjomba wake aliyesimamia upakiaji wa mashua za mizigo zinazoshuka na mto kwenda kaskazini, naye mjomba alimpa mwaka mmoja tu wa kile alichokiita mchezo wa vitabu. Asipofaulu, anapanda mashua na kuhesabu magunia maisha yake yote. Aliniambia habari hiyo tukiwa tumesimama chini ya ukingo wa bati tukingoja mvua ikatike, akiwa ananitazama mabega badala ya uso. Hakuwahi kunitazama usoni siku zile. Nilidhani ni maringo.

Tulikuwa vilema wawili wa aina tofauti. Majok alikuwa amekariri kanuni zote, angeweza kukutajia kila fungu la sentensi na mipaka yake, lakini ukimwambia atunge moja ya kwake, alitoa kitu kama kitanda kilichokosa mguu. Mimi nilitunga bila kufikiri na sikuweza kueleza hata moja. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyesema kwamba tukikatwa na kuunganishwa tungepata mwanafunzi mmoja mzuri. Tukapatana kusoma pamoja jioni katika boma la shangazi yangu Poni, ambako nilikuwa nikiishi, huko Munuki, nyuma ya stendi ya bodaboda. Majok alikuwa anatoka bandarini, anaoga, anapiga pasi shati, anatembea njia yote ile, anafika na kuketi kwenye kiti cha plastiki karibu na pipa la maji, na tunaanza.

Boma la shangazi lilikuwa la nyumba mbili na jiko la mabati, na jioni yake ilikuwa na utaratibu. Kwanza gari la maji linapiga honi na wanawake wanatoka na mitungi. Halafu redio ya jirani. Halafu mkaa unashika, na shangazi anaanza kusonga asida, ugali wa kwetu, na mboga zikikaribia kuiva anaongeza ile siagi ya karanga mpaka boma zima linanukia. Hapo ndipo Majok alipokuwa akifunga vitabu. Haikujalisha tumefika wapi. Tungeweza kuwa katikati ya sentensi iliyotusumbua saa nzima, nimeanza tu kuona mlango unafunguka, na sinia likitokea jikoni yeye anasimama, anajipangusa magoti, anasema, "Kiden, mimi nakwenda." Nilimwambia ale kwanza tuendelee. Alisema ameshiba. Nami nilijua hajashiba, kwa sababu mtu aliyebeba magunia tangu alfajiri na kutembea kutoka mtoni hawezi kushiba hewa. Tumbo lake lilikuwa likinguruma tukisoma, na wote wawili tulijifanya ni pikipiki barabarani.

Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo tulivyofundishwa Kitale, na mgeni anayekataa chakula anakutukana hata kama amenyamaza. Nilijaribu kila njia. Nilipika mwenyewe chapati za Kenya, laini, zenye matabaka. Alizitazama, akameza mate, akaenda. Nikapika kajaik, ule mchuzi wa samaki mkavu ambao watu wa mtoni hawaukatai. Akaenda. Nikamwomba shangazi achelewe kuwasha moto, na shangazi akasema watoto wa watu hawawezi kulala njaa kwa sababu ya Kiingereza. Nilimsikia siku moja akizungumza na jirani yetu mama Joyce, wakichambua mboga, na jirani akisema kwamba huyo kijana wa watu wa ng'ombe anaogopa tutamtilia kitu kwenye chakula, kwamba ndivyo walivyo, hawatuamini. Shangazi hakumwunga mkono. Yeye alikaa Juba miaka yote ya vita, aliishi mlango kwa mlango na kila kabila, na alikuwa mgumu wa kusema mabaya ya watu. Mama Joyce alipoondoka akaniita. "Kiden, wewe wacha yeye," akasema kwa Kiswahili chake cha Uganda. "Yeye iko na adabu yake. Wacha na adabu yake." Nikamuuliza adabu gani hiyo ya kukataa ugali wa mtu. Akasema hajui vizuri, watu ya kule iko na mambo yao, na akanipa kisu nikate vitunguu.

Ningeacha, kama ingekuwa habari ya chakula peke yake. Lakini nilimpenda. Naliandika wazi kwa sababu umri wangu wa sasa hauna faida nyingine. Nilipenda jinsi alivyofuta kiti kwa leso kabla ya kuketi, jinsi alivyocheka kimya mabega yakitikisika, na jinsi alivyonisikiliza nikitunga sentensi, ameinama, kalamu imesimama, akingoja neno langu la mwisho. Kwa hiyo kila alipolikimbia sinia, mimi niliona ananikimbia mimi. Niliona anasoma nami kwa kuwa ananihitaji, na akishapata anachotaka anarudi kwa watu wake. Hasira ya Kigiriki kisichokuja na hasira ya mtu asiyekaa zikawa hasira moja, na sikuweza tena kuzitenganisha.

Mwezi mmoja hivi kabla ya mtihani, Mwalimu Barasa akatupa mtihani wa majaribio. Tulianguka wote wawili. Aliturudishia karatasi, na alipofika kwangu akatikisa kichwa kidogo tu, jambo lililoniuma kuliko kama angenigombeza. Jioni ile mvua ilikuwa imenyesha, boma limejaa tope, na tukasogeza viti vyetu barazani. Tulifanya kazi vizuri kuliko siku zote. Tulikuwa tumefika kwenye zile sentensi ndefu zenye sentensi nyingine tumboni, palepale tulipoangukia, na kwa mara ya kwanza niliona zinavyoshikana. Nikamwambia Majok, ngoja, usiseme kitu, nimeipata. Shangazi akatoka na sinia. Majok akafunga kitabu.

Sikupaza sauti, nadhani. Shangazi alisema baadaye kwamba nilisikika mpaka stendi. Nilimwambia kwamba ananidharau. Kwamba sisi ni wakulima na wao ni watu wa ng'ombe, na chakula chetu hakimtoshi hadhi. Kwamba tutaanguka mtihani wote wawili kwa sababu ya tumbo lake, na yeye ataenda kuhesabu magunia na mimi nitakufa sijaona herufi moja ya Kigiriki. Majok alisimama akinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya mwaka mzima: alinitazama usoni.

"Kiden. Wewe nataka mimi kula hapa? Mbele ya wewe?"

"Ndiyo, mbele yangu. Kwani mimi ni mchawi?"

"Wewe nataka kweli?"

"Kama hutaki kula, usirudi tena kwetu."

Nakumbuka maji yakidondoka kutoka kwenye bati na shangazi amesimama na sinia mikononi, hajui aliweke au arudi nalo. Kisha Majok akakunja mikono ya lile shati lake lililopigwa pasi, akaomba maji, akanawa. Akaomba tena, akanawa tena. Akaketi, akamega asida, akachovya, akala. Alikula polepole, macho kwenye sahani, mpaka akaimaliza na kuifuta kwa tonge la mwisho. "Asante, dada," akasema. Shangazi akachukua sinia bila kusema kitu, naye si mtu wa kunyamaza. Mimi nilikuwa nimejaa furaha kiasi cha kuona aibu. Nilijiona nimeshinda. Tukafungua kitabu, na kabla giza halijaingia zile sentensi zilikuwa zimefunguka zote.

Tangu siku ile kila kitu kikawa rahisi. Majok alikula kwetu kila alipokuja, na alikula kwelikweli. Alimwomba shangazi pilipili. Alinitania kuhusu chapati zangu, akasema Kenya wanakula mkeka. Alinitazama usoni bila shida, akakaa kitako kwenye ngazi ya baraza, akanisimulia habari za bandari na za mjomba wake na za kipande cha mto ambapo viboko hugombana na mashua. Aliniita dada, lakini pale chuoni kila mtu alikuwa dada au ndugu, hata mpishi, basi sikulipa neno hilo uzito. Nilikuwa nikingoja aseme lile jambo jingine. Niliona mtu aliyekula sufuria la kwetu hawezi tena kuwa mbali, kwamba sasa ni habari ya siku tu. Kwa kungoja nilikuwa fundi. Mwalimu Barasa alinifundisha vizuri.

Mtihani tulifaulu wote wawili. Mjomba alitikisa kichwa, akakubali. Siku ya kwanza ya darasa la Kigiriki, tukiwa wachache kwenye ile stoo, Mwalimu Barasa alipanda kwenye kiti, akaishusha chati, akapuliza vumbi, akashindwa kuufungua uzi wa nailoni kwa vidole akaukata kwa meno. Chati ikafunguka. Panya walikuwa wamekula pembe moja na herufi za mwisho hazikuwepo. Mzee akaiangalia, akasema basi tutaanza na hizi zilizobaki. Wengine walicheka. Mimi nilikuwa nimeingoja mwaka mzima, na nikashangaa jinsi nilivyoitazama bila kusikia kitu, kwa kuwa wiki hiyohiyo Majok alikuwa ameniambia kwamba wajomba zake wamepata msichana huko kwao, watu wazuri, ng'ombe wa mahari wameanza kuzungumzwa. Aliniambia kwa furaha, kwenye ngazi ya baraza, akila. Akaniomba nimsindikize Custom kumchagulia msichana huyo kitambaa, kwa sababu yeye hajui vitu vya wanawake. Nilikwenda. Tulizunguka kwa wafanyabiashara wa Kiganda mpaka miguu ikauma, na nikamchagulia cha bluu chenye maua madogo meupe, kizito, kisichochuja. Sijui kwa nini nilichagua kizuri.

Niliolewa baadaye, na mume wangu ni mtu mwema, na hilo si la sura hii. Kigiriki nilikipata. Nakisoma kila siku ya kazi, na nikikwama namsikia Mwalimu Barasa akiuliza nani ametenda na nani ametendewa. Majok aliacha chuo baada ya mwaka wa pili akarudi Bor kufundisha, na tukawa watu wa kusalimiana kwenye simu wakati wa Krismasi. Kwa miaka yote hiyo niliishi na jibu nililojitengenezea, kwamba alikuwa rafiki tu, kwamba mimi ndiye niliyeona kisichokuwepo, na kwamba msichana wa Kitale asiye na ng'ombe nyuma yake asingetazamwa mara mbili. Jibu hilo liliniuma mwanzoni, halafu likakauka, nami nikalizoea.

Jumamosi ile baada ya maombi walikuja. Ayen, mke wa Majok, ni mwanamke mrefu, mcheshi, aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Kakuma, na Kiswahili chake ni cha Kenya kama changu. Mlangoni kabisa alinikumbatia akaniita wifi. Nikacheka, nikajua ni utani wa watu wa Kakuma. Mume wangu alikuwa safarini Nimule, basi Majok alikaa barazani peke yake akisoma zile karatasi za maombi zenye picha ya mzee, na sisi tukaingia jikoni. Ayen hakukubali kukaa kama mgeni. Alifunga leso kiunoni akaanza kuparua samaki. Ili kumchekesha nikamsimulia jinsi mumewe alivyokuwa akikimbia chakula changu mwaka mzima, akitoka mbio sinia likitokea.

Ayen hakucheka kama nilivyotarajia. Alitabasamu, akasema, "Lakini hiyo ni kawaida. Kwetu kijana hawezi kula mbele ya msichana ambaye anaweza kumuoa. Ni heshima. Afadhali afe njaa. Mimi mwenyewe Majok hakula mbele yangu mpaka tulipopata mtoto wa kwanza."

Nikamuuliza, nikiwa nimempa mgongo, na akila je?

"Akila basi amekufanya ndugu. Imekwisha hapo. Unaoaje mtu ambaye umekula mbele yake?" Akageuza samaki upande wa pili. "Ndiyo maana mimi sikukuogopa, wifi. Wakati ule wajomba zake walikuwa wanalalamika, wanasema kila wakimtajia msichana anakataa, lazima ana mtu huko Juba anamficha. Nilikuja kwenye ndoa nikiwa na wasiwasi. Nikauliza watu. Wakaniambia zamani labda, lakini sasa hana, Juba ana dada tu, anakula kwake."

Nilikuwa nikikata kitunguu, na ninakishukuru kitunguu kile. Ayen akaniuliza hatimaye nilifanyaje mpaka akala. Nikamwambia sikumbuki. Nilikuwa nakumbuka maji yakidondoka kwenye bati, na mikono iliyonawa mara mbili, na swali aliloniuliza mara mbili vilevile, akinipa nafasi ya kusema hapana. Alikuwa ameniuliza waziwazi, kwa Kiswahili chake cha sokoni, na mimi mwenye A ya Kiingereza nilimjibu kwa hasira. Shangazi Poni ni marehemu sasa, siwezi kumuuliza alijua kiasi gani alipolichukua lile sinia bila neno. Na nilimkasirikia Majok, nakwambia kweli, nilimkasirikia kuliko mwaka ule wote. Angeweza kusema. Neno moja tu lingetosha. Lakini mtu wa namna yake angesemaje neno hilo, ilhali mwaka mzima alikuwa akilisema kila jioni kwa kusimama na kwenda zake na njaa, akiamini kwamba yeyote aliyezaliwa katika nchi hii analielewa?

Tuliandaa barazani. Ayen akakaa kando ya mumewe, wakala kwa mikono, wakizungumza juu ya mzee Barasa na mjane wake na mbuzi. Majok amekuwa mnene, ana mvi kwenye ndevu, na shati lake bado limepigwa pasi. Alikula samaki mpaka ikabaki mifupa mitupu, akafuta sahani kwa tonge la mwisho, akaninyoshea.

"Dada," akasema, "iko nyingine?"

Nikamwambia iko. Nikampakulia, nikamwekea na kile kipande cha kichwa ambacho nilijua anakipenda. Ayen akaniuliza mbona mimi sili. Nikasema nimeshiba, nimeonja sana jikoni, kisha nikachukua jagi la maji na kurudi ndani, maana siku ile mimi ndiye sikuweza kula mbele yake.